Maji Yenye Homa

Tangu Aprili nyumba imefungwa,
na mvua ya masika imekaa humu kama mpangaji asiyelipa.
Leo nimeondoa turubai. Bwawa la Bwana Anselmo
lina rangi ya mlenda uliolala chunguni,
na juu yake maua ya bugenvilia, mbawa za kumbikumbi,
kandambili moja ya mtoto, ya kushoto.

Viluwiluwi vya vyura: nimehesabu hadi sitini, nikaacha.

Wavu kwanza. Kisha brashi,
kwenye ule ute unaong'ang'ania vigae kama deni.
Kisha pampu, iliyokohoa, ikatema mchanga wa matuta ya Shela,
ikakubali.
Punda wa Shekuwe wameleta magunia:
klorini, baikaboneti, magadi, shabu.
Asidi imekuja begani mwa mtu,
maana punda hajui kusoma fuvu lililochorwa kwenye dumu.

Nachota kwa kichupa, mkono umezama hadi kiwiko;
maji ya juu husema uongo.
Matone matano. Natikisa. Manjano.
Mvua imeyachachua.
Bwanaheri, aliyenifundisha, angekimbilia magadi papo hapo,
kesho asidi, keshokutwa magadi tena,
mwezi mzima akiyavuta huku na huku
kama watoto wa talaka.
Mimi nimejua kwa hasara:
tia kwanza kile kinachoyapa maji msimamo.
Baikaboneti, kilo sita, natembea ukingoni
kama ninayelisha kuku nisiowaona.
Kisha nangoja. Kungoja ni kazi,
ila haiandikwi kwenye risiti.

Mchana nimepita kwa shangazi Somoe na ndoo ya viluwiluwi.
Birika lake lina samaki watatu, wadogo kama kucha,
kizazi juu ya kizazi,
hula vitoto vya mbu na hawajawahi kudai mshahara.
"Vyura? Kwangu?" Ameisukuma ndoo kwa mguu.
"Na hayo mai yako yana homa gani,
yapimwa yeo, yalipimwa yana?"
Nikamweleza: hakitakiwi kiumbe hai humo.
"Hata samaki mmoja?"
Hata mmoja.
"Meskini mai," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Viluwiluwi nimevimimina kwenye hodhi la punda, nyuma ya visima.

Siku ya pili nikapima, nikaongeza magadi,
na mkono ukawa mzito, kwa kuwa nilikuwa bado
nabishana na Somoe kichwani.
Kichupa kikaiva, chekundu kama juisi ya ukwaju na rangi.
Basi asidi. Ndoo ya maji kwanza, asidi baadaye, polepole:
mkali ndiye amwendee mpole.
Mwaka nilioigeuza kanuni hiyo
umeniachia alama hapa, juu ya kifundo cha mkono,
umbo la kisiwa kisicho kwenye ramani.

Klorini ni baada ya isha.
Ukiimwaga mchana, jua hula nayo sahani moja.
Usiku ule harufu yake imepanda hadi barazani
na paka wote wamehama.

Kulipokucha, kijani kimekufa, kimebaki ukungu,
maji ya mchele wa kwanza.
Nikatia shabu, ileile ya kinyozi
anayokupaka akishakukata na kujifanya hakukukata.
Nikazima pampu. Vumbi likashuka, likalala,
nikalifyonza kwa bomba bila kuliamsha,
hadi nikaona skurubu za kifuniko cha chini,
nne, na ya tano haipo.

Saba nukta nne.
Bwana Anselmo amepiga simu kutoka uwanja wa ndege:
"Maji yako vipi?"
Yako sawa, nikamwambia. Yametulia.
Atayaona ya buluu, atadhani huzaliwa hivyo.
Kandambili nimeianika ukutani,
pengine mguu wake bado unaitosha.

Jioni nimepita kwenye hodhi la punda.
Sikupima kitu.
Viluwiluwi viwili vimeota miguu ya nyuma.